Sarafu ya kale ipimwe kabla ya kulipiwa

MKULIMA wa Bububu anayepeleka karafuu zake kituoni hahitaji kufundishwa maana ya mizani. Gunia lake halipokelewi kwa maneno matamu. Karafuu hutazamwa kama zimekauka sawasawa, hukaguliwa kama zimechanganywa na makonyo, hupangiwa daraja, kisha hupandishwa kwenye mizani ndipo fedha zitolewe. Hakuna muuzaji anayeona amevunjiwa heshima kwa kukaguliwa hivyo. Ndiyo desturi ya biashara, na desturi hiyo imewalinda muuzaji na mnunuzi kwa miaka mingi.

La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akionyeshwa kwenye simu picha ya kipande cheusi cha madini chenye maandishi ya Kiarabu au kichwa cha malkia wa Ulaya, husahau mizani yote. Huambiwa kuwa ni sarafu ya Sultani, au rupia ya Mjerumani, au riali ya mwaka 1780, na kwamba yupo Mzungu Mjini anayeitafuta kwa mamilioni. Kinachotakiwa ni kutanguliza fedha kidogo tu. Siku ya pili mtaji wa mbegu umekwenda, na kilichobaki mkononi ni shaba iliyopakwa rangi.

Biashara ya sarafu za kale kupitia mtandao si haramu wala si ya kubezwa. Wapo wanunuzi wa kweli katika nchi nyingi, na zipo sarafu za kweli katika visiwa hivi. Lakini ni biashara ambayo mjinga huliwa mara mbili: akinunua huuziwa bandia kwa bei ya halisi, na akiuza hununuliwa halisi kwa bei ya bandia. Njia ya kuepuka hasara zote mbili ni moja, nayo ni kupima kwanza na kusikiliza hadithi baadaye.

Kwa nini Bububu

Si ajabu kwamba habari za sarafu husikika sana katika ukanda huu wa kaskazini mwa Mji. Mwambao kutoka Maruhubi hadi Bububu ulikuwa wa majumba ya kifalme na mashamba ya karafuu na minazi. Jumba la Maruhubi lilijengwa kwa ajili ya Sultani Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na likateketea kwa moto mwaka 1899. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliwahi kukaa Bububu kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Hamamu za Kidichi hazipo mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka Mjini hadi Bububu, na abiria walipanda na kushuka hapo kila siku.

Palipopita watu, mazao na mishahara, fedha huanguka. Hivyo mkulima anayelima muhogo au anayechimba msingi wa nyumba anaweza kweli kuokota sarafu. Na kwa kuwa jambo hilo linawezekana, tapeli amepata pa kuegemea. Uongo unaofanana na ukweli ndio unaouzika.

Tarehe si shahidi

Kosa kubwa linalofanywa na wanunuzi ni kuamini tarehe iliyochapwa juu ya sarafu. Mfano ulio karibu kuliko yote ni riali ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha malkia wa Austria aliyefariki Novemba 1780. Sarafu hiyo ilizunguka sana Zanzibar, Uhabeshi, Yemen na pwani yote katika karne ya 19, na thamani ya riali ya Zanzibar ilifungamanishwa nayo.

Wafanyabiashara wa pande hizi na za Bahari ya Shamu waliizoea sura ile na kuiamini. Walipoletewa sarafu yenye sura nyingine au tarehe nyingine waliikataa. Kwa sababu hiyo viwanda vya fedha viliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile ya 1780, mwaka baada ya mwaka, muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kuzikwa. Haikupigwa Vienna peke yake. Mwaka 1935 Italia iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi ilipata haki ya kuipiga Roma, na baada ya hapo ikapigwa pia London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Hadi leo kiwanda cha Vienna kinaipiga na kuiuza.

Maana yake ni hii: riali ya 1780 iliyo mkononi mwa mtu huenda ilipigwa juzi. Inaweza kuwa fedha safi isiyo na hila yoyote, na bado isiwe ya kale hata kidogo. Anayeilipia bei ya sarafu ya miaka zaidi ya 200 kwa sababu tu ameisoma 1780 amejidanganya mwenyewe.

Jambo hili si la pande hizi pekee. Urusi, ambako sarafu za kale hutafutwa sana na wakusanyaji, kiwanda cha serikali chenyewe katika karne ya 18 na ya 19 kilikuwa kikipiga upya sarafu za zamani kwa ajili ya matajiri waliotaka kukamilisha mikusanyo yao. Warusi wanaziita sarafu hizo novodel, yaani zilizofanywa upya. Juu ya hizo zikaja bandia za mafundi wa uchochoroni. Matokeo yake ni kwamba mkusanyaji wa Urusi, hata awe mzoefu vipi, hanunui ruble ya zamani kwa kuangalia tarehe. Huuliza uzito kwanza. Ruble ya fedha ya wafalme wa mwisho, iliyopigwa kati ya 1886 na 1915, ina uzito wa gramu 20, na humo gramu 18 ni fedha tupu. Ikiletwa ya gramu 17 au 23, mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo neno "halisi" lina maswali matatu ndani yake, na kila swali lina bei yake. La kwanza: je, madini ni yale yanayodaiwa? La pili: je, imepigwa na kiwanda kilichokuwa na haki ya kuipiga? La tatu: je, ni ya mwaka unaosomeka juu yake? Muuzaji mwerevu hujibu swali la kwanza kwa kweli, kisha hutoza bei ya la tatu. Mnunuzi anayejua kutenganisha maswali hayo hawezi kupelekwa kirahisi.

Tarehe za kukariri

Kwa upande wa Zanzibar yenyewe, kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa sarafu zilizotolewa kwa majina ya masultani ni chache. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alitoa sarafu zake zenye tarehe ya Kiislamu 1299, sawa na 1882 ya Miladi. Zilikuwamo pesa za shaba, riali za fedha na chache mno za dhahabu. Pesa za shaba zilipigwa tena kwa tarehe ya 1304, yaani 1886 kuingia 1887. Kisha katika enzi ya Sultani Ali bin Hamud zikatolewa senti zenye mwaka 1908, wakati rupia ilipochukua nafasi ya riali. Januari 1936 Zanzibar iliingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, na biashara ya kuwa na sarafu zake ikaisha.

Basi tarehe ni tatu: 1299, 1304 na 1908. Ukiletewa sarafu yenye jina la Sultani wa Zanzibar na tarehe isiyokuwa mojawapo ya hizo, simama. Huenda ni nishani, huenda ni pambo la kuuzia watalii, huenda ni uzushi mtupu, lakini si fedha iliyonunulia mkate. Vilevile sarafu za Barghash zimeandikwa kwa Kiarabu. Ukiona jina la Barghash kwa herufi za Kizungu, irudishe kwa mwenyewe. Kila aliyepita chuoni anazijua tarakimu hizo, hivyo hakuna sababu ya mtu wa Unguja kusomewa tarehe na dalali.

Ijulikane pia kuwa kale si sawa na adimu. Pesa ya shaba ya 1299 imepita miaka 140, lakini ilitengenezwa kwa wingi na bado hupatikana kwa wingi. Bei yake ni ndogo. Iliyo adimu ni ya dhahabu ya mwaka huo huo, na kwa sababu ni adimu, uwezekano wa mtu kuletewa ya kweli uchochoroni ni mdogo kuliko uwezekano wa kuletewa ya uongo.

Kwa sarafu za Bara hali ni hiyo hiyo. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya ndovu, ilipigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita na hawapati sarafu kutoka kwao. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu. Leo hii ni miongoni mwa sarafu za Afrika Mashariki zinazotafutwa sana, na kwa sababu hiyo hiyo ni miongoni mwa zinazoigizwa sana. Uzito wake ni gramu 7.17. Namba hiyo moja, kwa mtu mwenye mizani, ina thamani kuliko kiapo cha muuzaji.

Aidha zipo porojo za kupuuzwa kabisa. Wapo wanaouza "rupia" inayodaiwa kuvuta mchele, kuzima simu au kuwa na zebaki ndani yake, kwa bei ya gari. Rupia ya Mjerumani ilikuwa fedha ya kulipia mshahara na kodi. Haina nguvu nyingine yoyote. Anayeisifu kwa miujiza anakiri mwenyewe kwamba hawezi kuisifu kwa uzito.

Namna ya kupima

Vifaa vinavyohitajika havizidi uwezo wa kikundi cha wakulima. Ni mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, rula nzuri yenye milimita, kioo cha kukuza, sumaku, uzi na kikombe chepesi cha maji. Asiyeweza kununua mizani aende kwa sonara Mjini aombe kupimiwa mbele ya macho yake.

Kwanza ni uzito. Riali ya Maria Theresa ina gramu 28.07, upana wa kama milimita 40, na unene wa milimita mbili na nusu. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, sawa na rupia ya Kihindi ya fedha ya enzi ya Malkia Victoria. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1921 hadi 1946 ina gramu 7.78. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo kwa kusuguliwa na mikono ya watu, na hilo ni la kawaida. Lakini haipungui robo ya uzito wake, na haiongezeki hata siku moja. Sarafu iliyozidi uzito ni ya kukataa papo hapo.

Pili ni sumaku. Fedha, shaba na dhahabu hazivutwi na sumaku. Sarafu inayodaiwa kuwa ya fedha ikinasa, ina chuma ndani na hakuna la kujadili. Lakini hapa wengi hukosea, wakidhani isiyonasa ni ya kweli. Risasi hainasi, shaba nyeupe hainasi, wala bati halinasi. Sumaku inaweza kutoa hukumu ya hatia, haiwezi kutoa hati ya usafi.

Tatu ni ukingo, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatazami na wapiga picha wengi hawaonyeshi. Ukingo wa riali ya Maria Theresa una maneno ya Kilatini na mapambo yaliyoinuka. Bandia iliyomiminwa katika kalibu ya vipande viwili mara nyingi huacha mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo, au alama za tupa iliyotumika kuuondoa. Anayeuza bila kuonyesha ukingo aulizwe kwa nini.

Nne ni uso. Sarafu halisi ilipigwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili, hivyo herufi zake zina kingo kali na uwanja wake ni laini. Iliyomiminwa huwa na vitundu vidogo kama vya mkate wa mofa, na herufi zake ni butu kama zimeyeyuka. Tazama pia sehemu zilizoinuka zaidi, kama pua, bega na nywele. Kama fedha imepakwa juu ya shaba, hapo ndipo rangi nyekundu au ya manjano huanza kuchungulia. Na kama muuzaji ana sarafu tano, zilinganishe. Mkwaruzo mmoja ukionekana mahali pamoja katika zote tano, zote zimetoka katika kalibu moja.

Tano ni maji, nalo ni jaribio bora kwa anayetaka uhakika zaidi. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, kisha ifanye isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote majini bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa riali ya kweli ya Maria Theresa, ambayo katika kila sehemu 1,000 ina 833 za fedha, mizani isome karibu gramu 2.75. Ikiwa ni shaba ya manjano yenye uzito ule ule, itasoma kama 3.3. Tofauti hiyo haifichiki kwa kupaka rangi, kwa kuwa maji hayaangalii rangi.

Majaribio haya matano hayamfanyi mtu kuwa mtaalamu. Bandia zilizofanywa kwa fedha ya kweli na kwa mihuri mizuri zipo, na hizo zinahitaji jicho la aliyebobea. Lakini wanaohangaika kutengeneza bandia za namna hiyo huwalenga matajiri. Bandia zinazomfikia mkulima na mchuuzi kwa kawaida ni duni, nazo huanguka kwenye jaribio la kwanza au la pili.

Bei ianzie kwenye madini

Kupima kunamsaidia muuzaji vilevile. Riali moja ya Maria Theresa ina gramu 23.4 za fedha tupu, yaani robo tatu ya aunsi moja ya masonara. Rupia ya Mjerumani ina gramu 10.7. Bei ya fedha kwa aunsi hutangazwa duniani kila siku na hupatikana kwenye simu. Mwenye riali akichukua robo tatu ya bei hiyo amepata bei ya chini ambayo hapaswi kushuka sana, hata kama sarafu yake ni ya kiwanda cha juzi. Dalali anayemwambia kuwa "hii ni shaba tu, chukua elfu tano" hawezi kumtisha mtu aliyekwisha kupima.

Jambo jingine la kumlinda muuzaji ni kuacha kusafisha. Wengi wakiokota sarafu huikimbilia kwa majivu, ndimu, mchanga au dawa ya kung'arishia shaba ili ipendeze kwenye picha. Wanayoiondoa ni ile ngozi ya miaka mingi ambayo mkusanyaji huitafuta kama ushahidi. Sarafu iliyosuguliwa hushuka bei vibaya, na haiwezi kurudishwa. Ioshwe udongo kwa maji tu, ikaushwe kwa kitambaa laini bila kusugua, na ihifadhiwe peke yake katika karatasi.

Picha si sarafu

Katika mauzo ya mtandaoni mnunuzi hana sarafu mkononi, ana picha, na picha haina uzito. Kwa hiyo ashurutishe mambo manne kabla ya kutaja bei. Picha mpya za pande zote mbili na ya ukingo. Picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, namba ikisomeka. Picha moja yenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la mnunuzi na tarehe ya siku hiyo, ili ijulikane kuwa sarafu ipo na haikuchukuliwa kwenye picha za watu wengine. Na makubaliano kwamba fedha zitatolewa baada ya kuonana na kupima, mahali pa wazi kama dukani kwa sonara.

Muuzaji wa kweli aliye mbali anaweza kuona masharti hayo ni mazito, lakini atayaelewa. Tapeli atakasirika, atadai yupo mnunuzi mwingine njiani, kisha ataanza wimbo unaojulikana nchi nzima wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Hapo mazungumzo yakatwe. Namba zinazotumiwa na matapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu wa namna hiyo kuwa ni kosa la jinai. Haraka haraka haina baraka, na hakuna sarafu ya miaka 100 inayoshindwa kusubiri hadi kesho asubuhi.

Kilichotoka ardhini

Lipo suala zito zaidi la vile vinavyochimbuliwa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ziligunduliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za Kiarabu. Sarafu zile za fedha hazikuwa na tarehe. Kwa kuwa zilipatikana pamoja, mahali pamoja, na zile za dhahabu ambazo zama zake zinajulikana, wataalamu waliweza kuzihusisha na karne ya 11. Visiwa hivi vikapata ushahidi kwamba vilikuwa na fedha zake karibu miaka 1,000 iliyopita.

Lau chungu kile kingegawanywa kwa madalali, kila kipande kingeuzwa kama bati lisilojulikana, na historia nzima ingepotea kwa bei ya magunia machache ya mchele. Sarafu iliyong'olewa mahali pake hupoteza shahidi wake mkubwa. Ndiyo maana sheria zinaingilia. Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na inataka kibali kabla ya kuvitoa nje ya nchi. Zanzibar nayo ina sheria yake na idara yake ya makumbusho na mambo ya kale. Anayekuta sarafu nyingi pamoja, au sarafu ndogo zisizo na tarehe, asizitoe wala asizipige picha za kuuza. Amwite sheha na apeleke taarifa Makumbusho. Kuuliza si ujinga, na ni nafuu kuliko kuulizwa na askari bandarini.

Yanayopaswa kufanywa

Mzigo huu haufai kuachiwa mwananchi peke yake. Idara inayohusika na makumbusho ingefanya jambo kubwa kwa gharama ndogo kama ingechapisha ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye picha za sarafu halisi za Zanzibar na pwani, tarehe zake, uzito wake na upana wake, ukabandikwa katika ofisi za masheha kuanzia Bububu hadi Mkokotoni. Ingetenga pia siku moja kwa mwezi ambayo mtu yeyote anaweza kuleta sarafu yake ikaangaliwa bila malipo na bila kuogopa kunyang'anywa. Hofu ya kunyang'anywa ndiyo inayowapeleka watu gizani kwa dalali.

Vyama vya akiba na mikopo navyo viwe macho. Mkopo wa pembejeo utumike kwa pembejeo. Mwanachama anayekopa ili "akamilishe dili la rupia" asaidiwe kwa kuonyeshwa mizani, kwa sababu hasara yake itakuwa hasara ya wote waliomdhamini. Nao masonara, ambao ndio wenye vifaa, wakiweka ada ndogo ya kupima sarafu mbele ya pande zote mbili, watakuwa wamejifungulia biashara ya halali na kuwafungia matapeli yao.

Kwa mkulima na mchuuzi, kanuni ni fupi. Asinunue asichokipima. Asiuze asichokipima. Asisafishe. Asitangulize fedha. Asiichukue tarehe kuwa ushahidi, wala hadithi ya babu wa mtu kuwa uzito.

Pesa ya shaba ya Sultani Barghash, ile ya 1299 ambayo hata maskini wa shamba aliwahi kuishika, ina picha upande mmoja. Si picha ya Sultani wala ya jumba lake. Ni picha ya mizani. Anayetaka kuinunua au kuiuza leo aanze kwa kutumia kile kilichochorwa juu yake.